Nani Alimfikisha Mtoto Shuleni?

Historia ya shule zetu na ya jumuiya zilizozibeba

Yubile ni wakati wa kumshukuru Mungu na wakati wa kukumbuka. Katika kitabu kama hiki ni desturi kuhesabu mapadri waliopita, nyumba zilizojengwa na majina yaliyoandikwa katika daftari la ubatizo. Hayo yote ni mema, na wengine watayaeleza. Kurasa hizi zinataka kueleza jambo moja ambalo mara nyingi linasahauliwa: namna gani watoto wetu walifika shuleni, na zaidi ya hayo, namna gani walidumu shuleni mpaka mwisho wa masomo.

Maana kufungua shule ni jambo moja, na mtoto kuhudhuria kila siku ni jambo lingine. Shule inaweza kuwa na mwalimu, ubao na paa la mabati. Lakini ikiwa mtoto anabaki shambani kwa kufukuza ndege, au sokoni akibeba mizigo ya watu, au nyumbani akimlea mdogo wake, shule ile haimfai kitu. Mwenye kutazama historia ya miaka zaidi ya 140 katika sehemu hizi za mashariki ya Kongo ataona jambo lile lile likirudi. Pale mzigo wa shule ulipobebwa na jumuiya nzima, mtoto wa maskini naye alifika. Pale ulipowekwa juu ya bega la kila mzazi peke yake, mtoto wa maskini ndiye wa kwanza aliyerudishwa nyumbani.

I. Watoto waliokombolewa

Mapadri Weupe, shirika lililoanzishwa na Askofu Mkuu Lavigerie mwaka 1868 katika mji wa Alger, walifika Ujiji mwanzoni mwa mwaka 1879. Mwaka 1880 walivuka Ziwa Tanganika na kufungua misioni Mulweba, katika inchi ya Masanze, upande wa magharibi wa ziwa. Mwaka 1883 walianza Kibanga, na mwaka 1885 walipokea kituo cha Mpala kutoka Chama cha Kimataifa cha Afrika, ambacho mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alikuwa amekianzisha. Mwaka 1887 Kapitani Léopold Joubert akaja Mpala kwa kulinda watu mbele ya vikosi vya wenye kukamata watumwa.

Wanafunzi wa kwanza wa misioni zile walikuwa wengi wao watoto waliokombolewa utumwani. Walikuwa hawana baba wala mama karibu, wala mjomba wa kuwatetea. Misioni iliwalisha, iliwavika, ikawafundisha dini, kusoma na kazi za mikono. Shamba la misioni ndilo lililolisha shule: muhogo, mahindi na maharagi yaliyopandwa na watu wa kituo yalikuwa chakula cha darasa. Hakuna mtoto aliyeulizwa malipo, kwa sababu hakuna aliyekuwa na mtu wa kumlipia.

Mwaka 1893 Padri Victor Roelens alianzisha misioni ya Baudouinville pale Kirungu, karibu na Moba ya leo. Mwaka 1896 akapewa uaskofu. Katika seminari ya Mpala alipita kijana Stefano Kaoze, aliyepadirishwa tarehe 21 Julai 1917, padri wa kwanza wa Kongo katika nyakati zetu. Tunamtaja kwa sababu maisha yake yanaonyesha kitu gani kinawezekana pale mtoto anapobaki shuleni mwaka hata mwaka, akilishwa na akishikwa mkono na watu wengine, kwa masomo marefu ambayo jamaa moja peke yake isingeweza kuyabeba.

Hata hivyo historia ya kweli haifichi upande wa giza. Katika inchi ya Kwango, mbali na sisi, misioni ya wakati ule ilikusanya watoto katika vijiji vidogo vilivyoitwa mashamba-kapela. Watoto wale waliitwa yatima. Tume ya uchunguzi iliyotumwa na mfalme iliandika katika ripoti yake ya mwaka 1905 kwamba wengi wao walikuwa na jamaa zao, na kwamba walizuiwa pale bila mapenzi yao. Basi tangu mwanzo tunajifunza jambo hili: mtoto anaweza kuwekwa darasani kwa nguvu, lakini shule inayomnyang'anya mtoto kwa wazazi wake haina mizizi. Ilipasa kutafuta njia nyingine, njia ya kuingia kijijini na kukaa na watu.

II. Shule ya kapela na mwalimu wake

Tarehe 26 Mei 1906 Baba Mtakatifu na Dola Huru ya Kongo walifanya mapatano. Serikali ilikubali kuipa kila misioni ya kikatoliki udongo wa hektari 100 mpaka 200, na misioni ilikubali kufungua shule pale ilipowezekana, ambamo watoto watafundishwa pia kilimo na kazi za mikono. Mwaka ule ule wa 1906 Mapadri Weupe walifika Bushi, wakaanza Nyangezi na sehemu za Bukavu. Kumbukumbu ya miaka mia ya mwanzo ule ilifanywa mwaka 2006.

Lakini misioni moja ilikuwa na mapadri wawili au watatu tu, na vijiji vilikuwa vingi, kila kimoja juu ya kilima chake. Aliyeifikisha shule kijijini ni katekista. Yeye ndiye aliyekuwa mwalimu wa dini, mwalimu wa kusoma, mwandishi wa barua za kijiji na mwenye kuongoza sala siku ya Mungu wakati padri yuko mbali. Katika sehemu zetu alifundisha kwa Kiswahili au kwa lugha ya wenyeji, na vitu vyake vya kufundishia vilikuwa vichache sana.

Tutazame vizuri namna shule ile ilivyosimama. Kijiji ndicho kilichokata miti na nyasi, kikajenga kapela. Na kapela ile ile, siku za kazi, ikawa darasa. Magogo ya miti yakawa viti. Chifu au mwenye udongo alitoa shamba kwa mwalimu, ili aweze kula na jamaa yake, kwa sababu malipo aliyoyapata kwa misioni yalikuwa madogo. Ngoma au kipande cha chuma kilichotundikwa mtini kiliita watoto asubuhi. Masomo yalichukua masaa machache tu, kisha watoto wakaenda kuchunga mbuzi, kuchota maji au kuwasaidia mama zao kulima. Hivi shule haikupigana na shamba.

Tena mwalimu yule alikaa kati ya watu. Mtoto asipofika siku tatu, yeye alijua ni mgonjwa, au amefiwa, au amepelekwa kwa shangazi yake ngambo ya mto. Hakuhitaji kuandika barua. Alipita jioni kwa baba wa mtoto, akaketi, akaongea. Mahudhurio ya watoto yalikuwa jambo la ujirani.

Tusiisifu kupita kiasi. Shule ya kapela ilifundisha kidogo: sala, herufi, hesabu ndogo. Wasichana walikuwa wachache, na wengi wao waliondolewa mapema. Wengi walitoka wakijua kusoma katekisimu, na baada ya miaka wakasahau, kwa kukosa kitabu kingine cha kusoma. Lakini kwa jambo moja ilikuwa imara: haikumwacha mtoto nje kwa sababu ya umaskini wa baba yake.

III. Shule inapata ruzuku

Baada ya vita ya kwanza ya dunia, Serikali ya Ubelgiji iliona kwamba inahitaji makarani, wauguzi na mafundi. Tangu mwaka 1925 mipango ikatengenezwa, na kanuni za mwaka 1929 zikaweka utaratibu wa kutoa ruzuku kwa shule za misioni zilizoitwa za kitaifa, maana yake misioni za Wabelgiji, ambazo karibu zote zilikuwa za kikatoliki. Ndugu zetu Waprotestanti walikaa nje ya ruzuku ile mpaka baada ya vita ya pili. Ni haki kulikumbuka jambo hili leo bila kujivuna.

Ruzuku ilileta mema mengi: walimu waliosomea kazi yao, vitabu, ubao, wainspekta waliopita kutazama. Shule ya kijijini ikawa na miaka miwili ya kwanza. Pale misioni kulikuwa na miaka mitatu zaidi. Bustani ya shule na kazi za mikono ziliandikwa katika programu. Pale mwalimu alipokuwa mtu wa haki, bustani ile iliwafundisha watoto kulima vizuri. Pale haki ilipokosa, mtoto akawa mfanyakazi asiye na mshahara, na wazazi wakanungunika kwamba wamemtuma mwana wao kusoma, si kulima shamba la mtu.

Umbali nao ukawa kizuizi. Aliyemaliza miaka miwili kijijini mwake ilimpasa kwenda misioni kwa kuendelea, na misioni ilikuwa mbali. Wengine walipanga kwa jamaa karibu na misioni, wakabeba unga wao wa juma nzima kichwani. Jamaa zile zilizopokea watoto wasio wao, zikawapa pahali pa kulala na moto wa kupikia, hazikuandikwa katika ripoti yoyote. Walakini bila nyumba zile darasa nyingi za juu zingekuwa na nusu ya wanafunzi wake. Msaada mkubwa wa shule ulikuwa kitanda na chungu kwa jirani.

Mwaka 1948 masomo yalipangwa upya, na njia ya shule ya sekondari ikapanuliwa kidogo. Mwaka 1954 Serikali ikaanza kufungua shule zake zisizo za dini kwa ajili ya watoto wa Kongo. Inchi ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, watoto zaidi ya milioni moja walikuwa katika shule za msingi. Lakini waliokuwa wamemaliza chuo kikuu walihesabika haraka. Mlango wa chini ulikuwa mpana, ngazi ya kupandia ilikuwa nyembamba.

IV. Uhuru, fujo, na mapatano ya 1977

Miaka ya kwanza ya uhuru ilikuwa migumu. Katika maasi ya mwaka 1964 na 1965 misioni nyingi za mashariki zilishambuliwa, mapadri, masista na walimu wakauawa au wakakimbia, na shule zikafungwa. Watu walipotoka porini, pahali pengi walianza kwa kujenga upya darasa kwa miti na udongo, mbele ya kungoja msaada wowote.

Wakati huo huo Kanisa la Kongo lilikuwa likitafuta sura yake. Mwaka 1961 Maaskofu wa inchi nzima, katika mkutano wao mkuu, waliamua kwamba maisha ya kikristu yajengwe juu ya jumuiya ndogo zilizo hai, ambamo watu wanajuana. Jumuiya zile ndizo ambazo katika sehemu zetu tunaziita shirika. Uamuzi ule ulikuwa juu ya imani na sala, lakini ulikuwa na matunda kwa shule pia, kama tutakavyoona.

Mwishoni mwa mwaka 1974 Serikali ya Zaire ilichukua shule zote za Makanisa, na somo la dini likaondolewa. Haikupita miaka mitatu ikaonekana kwamba kuendesha shule elfu nyingi bila wale waliozianzisha ni kazi ngumu. Tarehe 26 Februari 1977 Serikali na Makanisa walitia sahihi mapatano: Serikali itatoa programu, itawalipa walimu na kuwatuma wainspekta, Makanisa yatasimamia shule. Ndiyo maana mpaka leo tunasema shule za mapatano za kikatoliki, za kiprotestanti, za kikimbangu na za kiislamu.

Mapatano yale yalikuwa mazuri, lakini yalisimama juu ya mguu mmoja ambao ulikuwa ukidhoofika, ndio mshahara wa mwalimu. Kuanzia mwaka 1983 Serikali ilipunguza matumizi yake, fungu la shule likashuka, na pesa ya Zaire ikapoteza nguvu mwaka kwa mwaka. Mwalimu aliyekuwa mtu wa heshima, mwenye baiskeli na suruali iliyopigwa pasi, akaanza kuuza karanga mbele ya mlango wake kwa kupata chumvi.

Hata katika miaka ile jumuiya hazikulala. Mfano unaojulikana ni ule wa Butembo, ambako Monsinyori Emmanuel Kataliko alikuwa Askofu tangu mwaka 1966 mpaka 1997. Kule wakristu, wafanyabiashara na wakulima walizoea kutengeneza barabara na kujenga shule kwa mikono na michango yao wenyewe, na mwaka 1989 hata chuo kikuu kikazaliwa, Chuo Kikuu Katoliki cha Graben. Mwenye lori alitoa lori, mwenye mikono alitoa mikono. Kila mtu alichukua sehemu ya mzigo kwa kadiri ya nguvu zake.

V. Wakati mzigo ulipomwangukia mzazi

Mwaka wa masomo 1991-1992 walimu walikuwa katika mgomo, na mwaka ule ukapotea. Watu waliuita mwaka mweupe. Mwaka uliofuata, kwa kuokoa shule, Maaskofu na chama cha wazazi walikubali kwamba wazazi wenyewe watoe malipo ya nyongeza kwa walimu. Malipo yale yaliitwa prime. Walisema ni ya muda mfupi tu. Yalidumu zaidi ya miaka 25.

Ni lazima kusema pande mbili za jambo hili. Bila prime, shule nyingi zingefungwa, na kizazi kizima kingekua bila kusoma. Wazazi wa Kongo, wengi wao maskini kabisa, walifanya kazi ambayo Leta ilikuwa imeshindwa kuifanya. Hiyo ni sifa yao, nasi tunawainamia kichwa.

Lakini prime iliwekwa juu ya kichwa cha kila mtoto, kwa kiasi kile kile kwa tajiri na kwa mjane. Juu yake zikaongezwa pesa za karatasi, za mitihani, za ujenzi. Sehemu ya pesa zile haikubaki shuleni. Ilipanda ngazi kwa ngazi mpaka ofisi za juu za Serikali, na ofisi za usimamizi za Makanisa nazo zilipata fungu lao. Tunaungama jambo hili katika mwaka wa Yubile, kwa sababu Yubile bila maungamo ni sherehe ya ngoma tu.

Kila mzazi anakumbuka asubuhi zile. Direkta anasimama mbele ya darasa na orodha, anasoma majina, na wale waliotajwa wanafunga madaftari yao na kwenda nyumbani. Mwalimu mwenyewe alikuwa na haya, lakini na watoto wake walikuwa na njaa. Mtoto aliyefukuzwa leo anarudi kisha juma mbili. Akifukuzwa mara ya tatu anabaki sokoni. Mahali penye watoto sita baba alichagua, na mara nyingi alimchagua kijana wa kiume. Hivi kile ambacho shule ya kapela pamoja na udhaifu wake wote ilikuwa imekikataa, sisi tulikizoea: mtoto kukaa nje kwa sababu ya umaskini wa baba yake.

VI. Vita, na shule ya wale waliochelewa

Kisha ikaja vita, mwaka 1996, na tena tangu 1998 mpaka 2003. Na katika Kivu na Ituri bunduki hazikunyamaza hata baada ya hapo. Madarasa yakawa kambi, viti vya shule vikawa kuni. Watoto walikimbia porini na wazazi wao, wengine waliingizwa kwa nguvu katika vikosi vya silaha, wengine wakashuka katika mashimo ya dhahabu na ya koltani.

Amani ilipokuja kidogo, ikaonekana shida mpya. Mtoto wa miaka 12 ambaye hajui kusoma anaona haya kukaa darasa la kwanza pamoja na wadogo wa miaka 6. Hata akipelekwa, anakimbia kisha siku tatu. Kwa ajili ya watoto wa namna hiyo vilianzishwa vituo vya kurudisha masomo, chini ya Wizara ya Mambo ya Jamii. Vinawapokea watoto wa miaka 9 mpaka 14. Masomo ya miaka sita ya shule ya msingi yanafundishwa kwa miaka mitatu: darasa la kwanza na la pili katika mwaka mmoja, la tatu na la nne katika mwaka unaofuata, la tano na la sita katika mwaka wa mwisho. Mtoto akimaliza anafanya mtihani wa taifa sawa na wengine, na anaweza kuingia sekondari. Waliopita umri ule wanafundishwa kusoma na kuandika pamoja na kazi ya ufundi: kushona, useremala, kujenga, kutengeneza vyombo vya moto.

Tazameni namna vituo hivi vinavyosimama. Vingi havina nyumba yao wenyewe. Vinakaa katika madarasa ya shule ya kawaida baada ya saa sita, au katika chumba cha parokia, au katika kapela. Masaa yao ni machache, ili mtoto aweze kulima au kuuza kidogo asubuhi. Mwalimu mara nyingi anatoka katika mtaa ule ule na anazijua nyumba za wanafunzi wake. Je, hamwoni kwamba ni shule ya kapela iliyorudi? Babu zetu waliijenga kwa sababu hawakuwa na nyingine. Sisi tunairudia kwa sababu inamfikia mtoto ambaye shule kubwa ilimwacha njiani.

Kuna watu wanaoudharau mlango huu, wakisema ni shule ya watoto wa barabarani. Ndugu, mtoto aliyepoteza miaka minne kwa ajili ya vita si mtoto wa barabarani. Ni mtoto wetu aliyecheleweshwa na dhambi za watu wakubwa.

VII. Masomo ya bure, na yaliyobaki

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu chake cha 43, ilisema kwamba masomo ya msingi ni ya lazima na ni ya bure katika shule za Serikali. Kwa miaka mingi neno hilo lilibaki zaidi karatasini. Mnamo Septemba 2019 Serikali ilianza kulitimiza katika inchi nzima, na prime ikakatazwa katika shule ya msingi. Watoto waliingia kama maji ya mto uliovunja kingo. Madarasa yaliyojengwa kwa watoto 50 yakapokea mara mbili yao na zaidi. Wengi wao ni wale waliokuwa wamekaa nje kwa ajili ya pesa; kuja kwao kulionyesha wazi kwamba wazazi hawakuwa wavivu wala adui wa shule, kama ilivyosemwa mara nyingi.

Hata hivyo shida hazikuisha. Walimu wengi walikuwa hawajaandikwa katika orodha ya mishahara, na waliokuwa wamezoea prime waliona mapato yao yamepungua. Mwezi Machi 2020 ugonjwa wa Korona ulifunga shule zote, na mwaka wa masomo ulioanza Oktoba 2021 ulifunguliwa kwa mgomo katika shule nyingi za kikatoliki. Vita navyo viliendelea kuwahamisha watu. Mwanzoni mwa mwaka 2025, mapigano yalipofika Goma na kisha Bukavu, watoto wengi walikatizwa tena masomo yao.

Zaidi ya hayo, kuna gharama ambazo sheria haiziondoi. Daftari na kalamu zinanunuliwa. Nguo ya bluu na nyeupe inashonwa. Mvua inafurisha mto na kivuko kinabomoka. Mama ameugua, na msichana wa miaka 10 ndiye anayebaki kupika. Mtoto anaenda bila kula, na saa nne kichwa kinamzunguka. Serikali hata ikiwa nzuri namna gani, haiwezi kujua kwamba katika nyumba ya tatu nyuma ya kisima kuna mtoto ambaye hajaonekana darasani tangu Jumatatu. Anayejua ni jirani.

VIII. Kazi ya shirika katika Yubile hii

Kwa hiyo historia hii haikuandikwa kwa kusifu zamani tu. Inatuonyesha kazi iliyo mbele yetu, nayo si kazi ya pesa nyingi.

Kwanza, kila shirika lijue watoto wake. Katika mkutano wa juma, baada ya kusoma Injili, mtu mmoja aulize: nani hakwenda shuleni juma hili, na sababu yake nini? Watoto wahesabiwe nyumba kwa nyumba, wa kikristu na wasio wa kikristu, maana njaa ya kujua haina dini.

Pili, lirudishwe shamba la shule, lakini kwa haki. Wazazi walime pamoja siku moja ya kila juma, na mavuno yawe uji wa watoto wadogo na madaftari ya yatima. Watoto wajifunze pale kilimo. Wasiwe wafanyakazi wa mtu. Hesabu isomwe mbele ya komite ya wazazi, kusudi asiwepo wa kunungunika.

Tatu, likelemba zetu zikumbuke shule. Mama wanaopeana pesa kwa zamu wanajua vizuri kwamba mwezi wa Septemba ni mwezi wa machozi. Zamu ya mwezi ule ipewe yule mwenye watoto wengi na mkono mtupu.

Nne, parokia zetu zifungue vyumba vyao baada ya saa sita kwa masomo ya waliochelewa. Chumba kinachokaa kimefungwa tangu Jumatatu mpaka Jumamosi ni mali ya Mungu isiyofanya kazi. Na mwalimu wa kituo asisahauliwe. Babu zetu walimpa katekista shamba, nasi tuulize sisi tunampa nini.

Tano, nyumba zilizo karibu na shule ya sekondari zipokee tena wanafunzi wanaotoka mbali, hasa wasichana, kwa usalama na kwa heshima. Kitanda na chungu ni sadaka pia.

Ndugu wapenzi, katika Agano la Kale mwaka wa Yubile ulikuwa mwaka ambao shamba lilirudishwa kwa mwenyewe, na aliyeuzwa utumwani akarudi kwa jamaa yake akiwa huru. Watoto wa kwanza wa shule zetu, pale Mulweba, Kibanga na Mpala, walikuwa watumwa waliofunguliwa. Walisoma kwa sababu wengine waliwalipia bei ya uhuru wao, na hawakudaiwa kitu. Ikiwa leo kuna mtoto katika mitaa yetu anayekaa nje ya darasa kwa sababu ya daftari, ya nguo au ya deni, yeye naye anangoja Yubile yake.

Tunawashukuru makatekista waliokufa bila jina, wazee waliokata miti ya kapela ya kwanza, mama waliouza muhogo kwa kulipa prime, walimu waliofundisha bila mshahara, na jamaa zilizopokea watoto wa wengine. Hao ndio waliowafikisha watoto shuleni. Bwana awape pumziko na thawabu, na atupe sisi mioyo kama yao, ili wale watakaoandika kitabu cha Yubile inayofuata wasipate mtoto hata mmoja wa kumwandika kati ya waliosahauliwa.